Maji ya ziwa nyuzi 25 lakini natetemeka: nivae nini kwenye vizimba?

MgeniWaVizimba

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya kupiga mbizi, hasa hapa kwetu Ziwa Victoria.

Nina cheti cha ngazi ya kwanza nilichosomea Unguja. Sasa nipo Ilemela, Mwanza, kazi ni kwenye vizimba vya sato: kukagua nyavu, kutoa samaki waliokufa kwenye kitako cha wavu, kuziba matundu. Kina ni mita 5 hadi 8, siku za kukagua nanga mita 12. Nazama mara tatu kwa siku, kila mara dakika 45 hadi 60. Suti ni ya kuazima, milimita 3, mikono na miguu mirefu, zipu mgongoni. Kompyuta ya mbizi ya mkononi inasoma nyuzi 25.

Mbizi ya kwanza naimaliza vizuri. Ya pili baridi inaanza dakika ya 30 hivi. Ya tatu natetemeka kabla hata ya dakika ya 15, na vidole vinakuwa vizito kiasi kwamba fundo halifungiki. Walio juu ya boti wanacheka, eti maji ya vuguvugu haya baridi inatoka wapi.

Maswali yangu: suti ya milimita ngapi inafaa hapa? Kuna la kufanya mwezi huu bila kununua suti mpya? Na vipande vya risasi vya kunizamisha, vile vya kiunoni, vibadilike vipi nikiongeza unene? Unguja nilikuwa nabeba kilo 6 na hapa nabeba hizo hizo. Nina uzito wa kilo 70.

Sangara_Mzee

Wanaocheka wamekaa hewani, ndiyo maana. Hewa ya nyuzi 25 ni starehe. Maji ya nyuzi 25 ni baridi isiyo na haraka. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 ukilinganisha na hewa. Mtu asiye na nguo aliyetulia majini anahitaji nyuzi 33 hadi 35 ndipo joto lisimpungukie. Ziwa letu liko chini ya hapo kwa nyuzi 8 hadi 10 mwaka mzima, kwa hiyo kila dakika unayokaa humo unalipa. Tofauti ya hapa na maji ya Ulaya ni kwamba kule unalipa kwa mkupuo, hapa unalipa kidogo kidogo na hushtuki mpaka mfuko umebaki mtupu.

Ukiangalia maelezo yako, shida imejieleza yenyewe: ya kwanza sawa, ya pili nusu, ya tatu hovyo. Hiyo si suti peke yake, ni deni. Ukitoka majini na kukaa juani, ngozi inapata joto kwanza, kutetemeka kunakoma, unadhani umepona. Ndani bado uko chini. Kisha unarudi majini na deni la mbizi iliyopita. Kipimo wanachotumia wazamiaji wa kazi ni jasho: usirudi majini mpaka mwili uanze kutoa jasho jepesi ukiwa umevaa nguo kavu. Kutokutetemeka hakutoshi. Kwa kazi yako hiyo ni kama saa moja mpaka moja na nusu kati ya mbizi na mbizi, si zile dakika 20 za kubadilisha mtungi wa hewa.

La pili ni aina ya kazi. Unguja mtalii anaogelea kando ya tumbawe, mapaja yanafanya kazi na kutengeneza joto. Wewe umeshika wavu kwa mkono mmoja, unashona kwa mwingine, miguu imelala. Maji yale yale, suti ile ile, lakini jiko limezimwa. Kwa hiyo panga siku yako hivi: kazi ya kutulia, yaani kushona na kuokota samaki kwenye kitako, iwe mwanzo ukiwa na joto kamili. Kazi ya kuogelea kuzunguka kizimba iwe mwisho. Siku ya nanga, nanga iwe ya kwanza kwa sababu ndiko kina kirefu. Na muda upungue kadiri siku inavyokwenda: 60, kisha 45, kisha 30. Ikibidi tatu zote ziwe ndefu, hapo anatakiwa mzamiaji wa pili, na hilo ni la kumwambia mwenye vizimba.

La tatu ni majira. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo wa kusi unapoza uso wa ziwa na maji ya juu yanachanganyika na ya chini. Miezi hiyo hakuna tabaka la vuguvugu la kukimbilia ukipanda mita mbili, joto ni karibu moja toka juu mpaka chini. Baadaye, mvua zikikaribia, uso unapata joto na unaweza kukuta tofauti ya nyuzi moja, mbili au zaidi. Suti inayokutosha Februari inaweza isikutoshe Julai, ingawa kompyuta inaonyesha tofauti ndogo tu.

Bonge_la_Kirumba

Vaa fulana mbili za pamba ndani ya suti, mambo yaishe.

FundiSuti

@Bonge_la_Kirumba hapana mkuu. Pamba ikilowa haina kazi yoyote ya joto, na mbaya zaidi inasukuma suti mbali na ngozi na kufungua njia ya maji shingoni na mikononi. Ukitaka kitu cha ndani kiwe cha kubana: fulana ya mpira wa miguu ya poliesta iliyobana, au bora zaidi kizibao cha neoprini (mpira ule ule wa suti) cha milimita 2 chenye kofia. Nitarudi kwenye kizibao.

@MgeniWaVizimba kabla ya kuuliza milimita ngapi, uliza suti inavuja wapi. Milimita 3 inayokaa vizuri inaishinda milimita 5 inayopwaya. Watu husema wetisuti hufanya kazi kwa kupasha maji yaliyoingia ndani, na hiyo ni nusu ya kweli. Kinachozuia baridi ni viputo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira. Maji yaliyo kati ya suti na ngozi yanatakiwa yakae hapo hapo tu. Yakitoka na mengine yakaingia, mwili unaanza upya kuyapasha, na ukiinama mara mia kuokota samaki umeyapasha mara mia.

Kujua inapovuja: zama mita 3, shika kamba, kaa kimya dakika mbili mpaka uzoee. Kisha fanya jambo moja moja. Pinda mgongo kama unaokota. Nyoosha mkono juu ya kichwa. Geuza shingo kushoto, kulia. Pale unapohisi kama mjusi wa baridi anapita, ndipo penyewe. Kwa suti ya zipu ya mgongoni, ya kuazima, naweza kubashiri: shingo, urefu wa zipu, na lile bonde la mgongo juu ya kiuno. Nchi kavu mwenzako ajaribu kukamata mpira hapo mgongoni. Akijaza kiganja bila kugusa nyama, suti ni kubwa kwako na hakuna dawa zaidi ya kubadilisha. Shingo ibane bila kukaba. Inayokaba sana inaminya mishipa ya shingo na utahisi kizunguzungu, hiyo nayo usiilazimishe.

Angalia pia kama mpira wenyewe bado uko hai. Bonyeza kwa kidole gumba sekunde 10 kifuani, makalioni na magotini, uachie. Ikirudi upesi, viputo vipo. Ikibaki bonde, vimeshakufa na suti yako ya milimita 3 hapo ni ya milimita 2 au chini. Suti za kukodisha hufa makalioni na magotini kwanza kwa sababu ya kukaliwa na kupigiwa magoti.

Matengenezo ya bei ndogo:

Zipu inayovuja, tafuta kipande cha neoprini kuukuu, kata ukanda wa upana wa sentimita 8 na urefu kuizidi zipu kidogo. Gandisha ukingo mmoja tu kwa ndani, upande wa kushoto wa zipu, ule mwingine uachwe huru ulalie chini ya zipu. Shinikizo la maji lenyewe litaubana mgongoni.

Mpasuko, tumia gundi ya viatu, ile ya njano ya kupaka pande zote mbili. Osha kwa maji safi, kausha siku nzima, futa kwa spiriti. Fungua mdomo wa mpasuko, paka safu nyembamba pande zote, subiri dakika 10. Paka ya pili, subiri mpaka kidole kisinate, ndipo uminye pande zikutane. Ukizikutanisha mbichi zitaachia ndani ya wiki. Acha saa 24. Gundi ya papo kwa papo hapana, inakakamaa na kuvunjika pembeni ya kidonda. Na usimpe fundi cherehani ashone moja kwa moja, kila tundu la sindano litakuwa bomba. Anayejua neoprini huzamisha sindano nusu ya unene tu, isitokee upande wa pili.

Mikono na miguu, kata pete za tyubu ya baiskeli, upana sentimita 2 au 3, vaa juu ya suti kwenye kifundo. Ziguse tu. Vidole vikianza kuchomachoma umezibana mno, na damu isiyofika vidoleni ni baridi nyingine ya kujitakia. Mguu wa suti ulale juu ya buti, mkono wa suti ulale juu ya glovu. Ukiweka kinyume umejitengenezea kikombe cha kuchota maji.

Uvaaji nao. Vuta suruali mpaka msamba ukae mahali pake kabla hujagusa mikono. Wengi huacha sentimita 5 hapo chini, mabega yanavutwa, shingo inafunguka, halafu lawama kwa suti. Vuta kwa nyama za vidole, si kucha. Ule mtindo wa kuvaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze, mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019. Soksi ya nailoni inateleza vile vile.

Sasa kizibao. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua hicho kabla ya suti mpya. Kinaziba shingo, kinaongeza milimita 2 kifuani na mgongoni, na kinafunika kichwa. Ile hesabu kwamba nusu ya joto lote hutokea kichwani si kweli, kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yote. Ila mishipa ya kichwa haijibani sana kwa baridi kama ya mikono na miguu, kwa hiyo hapo joto linatoka bila breki.

Kisiwa_Ukara

Mnazunguka. Nunua milimita 7, funga mjadala.

MwalimuWaMbizi

Milimita 7 kwa mita 6 za Ziwa Victoria ni mzigo, ndugu yangu wa Ukara. Mabega yanakuwa mazito, kushona wavu ni kazi ya mikono, na kilo za risasi zinaongezeka mno. Tena juu ya boti, jua la saa sita, mtu kavaa mpira mweusi mnene anasubiri mtungi: anapata joto la kupindukia kabla hajazama, anatoka jasho, anapungukiwa maji. Hapa 5 inatosha, ikiwa na kizibao chenye kofia kwa miezi ya kusi. Wa kutembea tu nusu saa, 3 inamtosha.

Na vaa nusu. Suti ikae kiunoni mpaka dakika tano kabla ya kuingia. Jua likizidi, jimwagie maji.

Nijibu la risasi, kwa sababu hapo kuna kosa linalochangia hiyo baridi. Maji ya ziwa hayana chumvi, yanakubeba kidogo kuliko bahari, tofauti ni karibu asilimia 2.5 ya uzito wako wote pamoja na vifaa. Kilo 70 za mwili na kilo 20 za vifaa ni 90, asilimia 2.5 yake ni kilo 2 na robo. Kwa hiyo kwa suti ile ile, kilo 6 za Unguja ni kilo 4 za Mwanza. Umekuwa ukibeba kilo 2 za bure, unajaza hewa kwenye jaketi la kuelea kuzifidia, jaketi linakusimamisha wima, kila harakati inasukuma maji ndani ya suti, na mtungi unaisha mapema.

Ukihamia milimita 5 ongeza kilo 1.5 hadi 2, kizibao kinaongeza nusu kilo hadi moja. Utajikuta umerudi kwenye 6, ila safari hii ni 6 ya haki. Usiniamini mimi, pima: mtungi ukiwa umebaki bar 50, jaketi tupu, pumzi ya kawaida kifuani, unatakiwa kuelea maji yakiwa usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame taratibu. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2 juu ya matokeo, maana hiyo ndiyo hewa utakayoitumia. Baada ya kilo hizo kubadilika, fanya mazoezi mita 3 kwanza kabla ya kuingia chini ya wavu.

Jambo ambalo vitabu vya pwani hugusia kwa juu juu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa hapa ni kama bar 0.88. Baharini shinikizo linakuwa maradufu ukifika mita 10, hapa ni mita 9. Maana yake kwa suti: mita 9 viputo vimebanwa mpaka nusu, na mita 12 vimepungua chini ya nusu. Kumbe milimita 5 uliyonunua, kwenye nanga si 5 tena. Mpira wenyewe unakataa kubanwa kidogo, lakini mwelekeo ni huo.

Maana yake kwa damu yako ni nzito zaidi, kwa sababu naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka mwilini ukiwa chini, na ukipanda vibaya inatoka kwa viputo. Mwinuko ukizidi mita 300 toka usawa wa bahari, majedwali ya bahari ya muda salama wa kukaa chini hayatumiki yalivyo. Mita 12 za hapa zihesabu kama mita 13 na nusu za baharini, mita 18 kama 20. Kompyuta nyingi hujirekebisha zenyewe zikiwashwa juu ya maji, nyingine mpaka uziweke. Soma kitabu chake uhakikishe iko kwenye hali ya mwinuko. Baridi nayo ina hesabu yake. Ukipanda huku umepoa, mishipa imejibana, naitrojeni inatoka polepole kwenye mikono na miguu. Wanaotumia jedwali huhesabu mbizi ya baridi au ya kazi ngumu kama imeongezeka mita 4. Panda si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Na kama baada ya kazi unasafiri kwenda Arusha kwa kupitia Serengeti, kumbuka ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300. Hiyo ni sawa na kupanda ndege, subiri saa 18 baada ya siku ya mbizi nyingi.

MgeniWaVizimba

Nimewasoma wakuu, asanteni sana. Kumbe nilikuwa nabeba risasi za watu wawili.

Maswali ya nyongeza. Kuna anayesema nimwage maji ya moto ndani ya suti kabla ya kuzama, inasaidia au ni hadithi? Mwingine anasema kijiko cha gongo. Na, samahani kwa swali, ile habari ya kukojoa ndani ya suti?

Nesi_wa_Mwambao

Nianze na gongo: hapana. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi moto usoni huku joto la ndani likikimbilia nje. Inakausha mwili pia, na inapumbaza hukumu ya mtu anayefanya kazi ndani ya nyavu.

Maji ya moto yanasaidia, tena sana, kwa sababu yanachukua nafasi ambayo maji baridi yangeichukua. Lita 2 au 3 shingoni muda mfupi kabla ya kuingia. Uchanganye kipimo 1 cha maji ya kwenye chupa ya chai na vipimo 3 vya maji ya kawaida, unapata kama nyuzi 40. Jaribu kwa kiwiko kama unavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto. Yakikuchoma kiwiko, yatakuunguza kifua na suti huwezi kuivua upesi. Maji ya kuchanganyia yawe ya bomba, usichote ziwani: vijidudu vya kichocho havifi kwa nyuzi 40, utakuwa umevifungia na ngozi yako ndani ya suti.

Nikiwa hapo hapo kwenye kichocho. Suti ndefu, buti na glovu zinapunguza ngozi iliyo wazi, ila hazizuii kabisa maana maji yanaingia. Hatari kubwa iko pembezoni, kwenye magugu na maji yaliyotulia ambako konokono wanaishi, hasa jua likiwa kali. Panda boti kwenye gati au mwamba kuliko kupita katikati ya matete. Kwa mtu anayeingia ziwani kila siku, kupima ni ratiba: kituo cha afya, na vipimo vya baada ya kuguswa na maji hufaa wiki 6 hadi 8 baadaye, minyoo ikiwa imekomaa. Dawa ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili, na inaua minyoo iliyokomaa, kwa hiyo kumeza siku ile ile uliyotoka majini hakukingi.

Mkojo. Ukiingia majini damu ya miguuni na mikononi inarudi kifuani, figo zinadhani maji yamezidi, zinatengeneza mkojo. Ni kawaida kwa kila mzamiaji. Joto lake ni la dakika moja hivi, halafu linaondoka na maji. Usijinyime maji ya kunywa kwa kuogopa hilo. Mwili uliopungukiwa maji unapoteza joto vibaya na unaongeza hatari ya ugonjwa wa viputo. Ila suti ya kuazima, jamani, heshima kidogo.

Chakula: uji wa ulezi au viazi vitamu saa mbili kabla, hata matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai ni mafuta mazuri ya jiko. Kati ya mbizi na mbizi chai ya tangawizi yenye sukari.

Sasa dalili, hizi zibandikwe kwenye boti. Kutetemeka kusikozuilika ni amri ya kutoka majini, si onyo. Kipimo cha chini ya maji: gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Kikishindikana, huwezi kufungua kifungo cha mkanda wala kukata uzi ukinaswa, panda. Kwa mwenzako angalia mtu anayerudia kosa lile lile, anayekasirika ovyo, anayejikwaa kwenye boti, anayeongea kama mdomo una chakula. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni haipothemia. Mtu aliyekuwa akitetemeka akaacha ghafla huku bado ni baridi na amechanganyikiwa, huyo hajapona, amezidiwa: mlaze, mvue suti kwa kukata ikibidi, mkaushe, mfunike mwili mzima na kichwa, mpeleke hospitali bila kumtikisa. Msimsugue mikono na miguu. Kinywaji cha moto ni kwa anayejitambua na kumeza vizuri tu.

Na bafu la moto mara tu baada ya kutoka kina kirefu lisubiri nusu saa. Ngozi ikipata joto ghafla, gesi iliyoyeyuka humo inatoka kwa viputo, na presha inaweza kushuka ukaanguka.

Sangara_Mzee

Nesi amesahau boti, au ameniachia. Baridi nyingi ya wazamiaji wa hapa si ya majini, ni ya kurudi nchi kavu Igombe dhidi ya upepo huku suti imelowa. Nusu lita ya maji ikikauka kwa joto la mwili wako inachukua nguvu inayotosha kuchemsha lita 4 za maji ya chai. Hiyo chai umeinywesha upepo.

Kwa hiyo ukipanda: vua sehemu ya juu ya suti mara moja, jikaushe kwa taulo, kichwa kwanza, vaa fulana kavu na lile koti zito la bodaboda lisilopitisha upepo. Kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja hayakosekani. Kofia ya sufu kichwani. Kaa chini ya ukingo wa boti, usisimame mbele kama nahodha. Kama mbizi inayofuata iko karibu na suti huwezi kuivua, vaa koti la mvua juu ya suti, nia ni kuzuia upepo usiguse mpira uliolowa. Suti zenye kitambaa pande zote zinabaki na maji na kukuchelewesha kukauka kuliko zile laini za nje.

MgeniWaVizimba

Nitaanza na zipu, risasi na koti. Kizibao mwisho wa mwezi. La mwisho: suti inachukua siku mbili kukauka na asubuhi naivaa bado imelowa, hapo napoteza joto kabla sijafika kwenye kizimba. Nikiianika juani si itakuwa haraka?

FundiSuti

Jua linaua mpira, utapata mipasuko midogo mabegani ndani ya msimu mmoja. Osha kwa maji ya bomba, igeuze ndani nje, ining'inize kivulini penye upepo. Henga nyembamba inakata mabega. Chukua bomba la PVC la inchi 2, urefu sentimita 50, pitisha kamba katikati, uitundike suti kwa kuikunja kiunoni, miguu upande huu na mwili upande ule. Baada ya saa moja kamua maji yaliyojikusanya kwenye vifundo, hayo ndiyo yanayochelewesha. Ndani ikikauka, geuza nje. Ikiwa asubuhi bado mbichi, usiivae nyumbani. Ibebe kwenye ndoo, uivae boti ikishafika kwenye kizimba, na yale maji ya kwenye chupa ya chai yaanzie hapo.